Kaseti Isiyo na Salamu

Kijiwe chetu kiko Rusimbi, kwenye ukuta wa duka lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Kasulu, na kama una swali lolote duniani, njoo, jibu utalipata, na pengine utapata matano. Benchi ni moja, la mbao za boti lililochoka, linachukua watu wanne na nusu. Nusu ni mimi, fundi baiskeli, kwa sababu kila nikikaa anatokea mtu na pancha. Wa kwanza kukaa ni Mzee Martini, tunamwita Balozi. Aliwahi kuwa balozi wa nyumba kumi na hajakubali kwamba mambo hayo yalikwisha. Ana methali kwa kila jambo, ila si za jambo lenyewe. Pembeni yake ni Dismasi fundi redio, jina la kijiweni Mawimbi. Kisha Bariki muuza dagaa, ambaye ni Redio Mbao, na sina haja ya kueleza kwa nini. Wa nne ni Nathaniel, mtu wa Moshi, aliyeletwa na ofisi ya uvuvi; yeye tunamwita Bwana Samaki na halipendi jina hilo hata kidogo. Kahawa ni ya Melania, kahawa ya kwao Kalinzi. Anakuja alasiri na birika lake juu ya makaa, anagonga vikombe haraka haraka, ananyamaza, kisha anagonga mara moja tu, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka jambo. Mlio huo ukisikika Rusimbi hata mgonjwa anakaa kitako.

Jumamosi ile ya mwaka tisini na tisa hakugonga vikombe. Alikuja na birika mkono huu, kaseti mkono ule.

— Imetoka kwa Noel, akasema.

— Noel yupi? Redio Mbao akauliza, ilhali anajua.

— Noel wa Uvira. Usijifanye.

Noel alivuka ziwa mwishoni mwa tisini na sita pamoja na yale maelfu ya watu, akiwa na gitaa lenye nyuzi mbili. Wakamweka kambini. Kila alipopata kibali cha kutoka alikuja kukaa hapa, akinywa kahawa mpaka magharibi, na sisi si vipofu, tuliona macho yake yanatua wapi. Mwaka wa tisini na nane Umoja wa Mataifa ukampeleka Swideni. Wiki ya mwisho aliazima redio kaseti ya Mawimbi akazunguka nayo mjini, akirekodi filimbi ya treni, mashine ya kusaga, injini za boti pale Kibirizi, mvua kwenye bati. Tulimwonea huruma. Tulisema vita vimemgusa kichwa.

Sasa, Bwana Samaki alikuwa amemposa Melania, kwa heshima zote, na jioni ile ile shangazi yake Melania, Skolastika, alikuwa anashuka kutoka Kalinzi kuja kuchukua jibu. Lakini kabla ya kujibu posa, Melania alikuwa amemwandikia Noel swali moja tu: nikusubiri, au niolewe? Kijiwe kizima tulilijua swali hilo, maana barua aliipeleka posta Redio Mbao. Bwana Samaki naye alijua. Hakununa, ila tangu hapo alikuwa anakunywa kahawa bila kashata.

— Basi jibu limo humu, Melania akasema. Mawimbi, ichezeshe. Redio ninayo nyumbani, lakini haina betri.

— Hata zangu nimezianika juani tangu asubuhi, Mawimbi akasema. Zitakuwa zimeamka.

— Samaki mkunje angali mbichi, Balozi akaunga mkono.

Miaka ile barua za kaseti lilikuwa jambo la kawaida kwetu. Mtu wako yuko kambini au ng'ambo, kuandika hujui, au yako mengi kuliko karatasi. Unasema upande wa kwanza, unatuma. Mwenzio anajibu upande wa pili, anarudisha. Na utaratibu wake unafahamika: salamu, wagonjwa, waliofariki, mvua, kisha shida iliyokuleta. Hii ya Noel ilikuwa na picha ya maji juu ya jalada, jina lake limechapwa, na chini yake maneno: *Ziwa Lina Pande Mbili*.

— Swideni hata barua inapigwa chapa, Balozi akasema kwa kuridhika. Haya.

Mawimbi akabonyeza. Kikaanza kitu kinanguruma, hakipandi wala hakishuki. Tukasubiri salamu. Kikaendelea kunguruma.

— Hajasalimia, akasema Balozi.

— Subiri, Mzee.

— Nasubiri. Lakini hajasalimia.

— Hiyo ni friji, akasema Redio Mbao. Swideni kila chumba kina friji. Jamaa amerekodia jikoni.

— Friji gani ina mapigo? Mawimbi akambishia. Sikiliza, tu-tu, tu. Hicho ni kinanda cha umeme. Unagusa kimoja, kinalia vitano.

Gitaa likaingia. Si gitaa la kuchezeka. Lilikuwa linalia kama limebanwa na mlango. Juu yake ikaja sauti ya Noel mwenyewe, taratibu, kama mtu anayehesabu matofali:

*Nilivuka ziwa usiku. Asubuhi ziwa lilikuwa bado halijavuka.*

Pii. Pii. Piiii.

*Kikombe kimoja cha moto. Kikombe kimoja cha baridi. Mimi niko katikati.*

— Mawe! Melania akamwita mama kwa Kiha, akashika shavu. Anaumwa?

— Anaimba, nikasema mimi.

— Huko ni kuimba? Balozi akanigeukia. Kiitikio kiko wapi? Mimi nimecheza dansi mji huu kabla hamjazaliwa, wimbo una kiitikio. Huyu anasema tu, halafu mtambo unamjibu.

— Labda ndiyo shida yenyewe, akasema Bwana Samaki polepole. Hana mwingine wa kumjibu.

Tukamtazama. Yeye akatazama kikombe chake.

Wimbo, kama ni wimbo, ukageuka. Ikasikika injini ya boti, dhahiri kabisa, halafu injini ikakatwa vipande vipande ikawa ngoma. Noel akawa anataja bei za samaki wetu wa ziwani, mgebuka, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Kisha mtambo ukanyamaza, ikabaki pii tu, akaanza kutaja majina.

*Furaha.* Pii. *Kashindi.* Pii. *Mama Esperansi.* Pii. *Kashindi mdogo.* Pii. *Byamungu.*

— Timu ya mpira hiyo, akasema Redio Mbao. Golikipa nani?

— Ni watu aliopanda nao boti, akasema Melania.

— Walifika?

— Hakuwahi kuniambia. Alikuwa akifika kwenye boti, anaomba kahawa nyingine.

Balozi akavua kofia yake, akaiweka gotini. Redio Mbao alinyamaza kabisa, na nakuambia kweli, kimya cha Redio Mbao nimekisikia mara chache. Baada ya Byamungu hakukuwa na pii. Ilikuwa mvua kwenye bati tu, muda mrefu.

Mvua ikaisha. Ukaja mlio mwingine, kling-kling-kling haraka haraka, kimya, kisha kling moja. Ukarudi tena na tena, gitaa likiufuata kwa nyuma, na safari hii gitaa halikuwa limebanwa.

— Simu, akasema Mawimbi. Simu za Ulaya ndivyo zinavyoita.

— Minyororo hiyo, akasema Redio Mbao, aliyekwishapona. Soo! Wamemfunga.

— Barafu kwenye glasi, akasema Bwana Samaki. Kule wanakunywa vitu na barafu.

— Kengele ya kanisa, ya mbali, akasema Balozi. Amebatizwa upya.

Melania alikuwa ameinamia birika lake. Kaseti ikafika mwisho, tak.

— Haya, amejibu au hajajibu? Melania akauliza.

Hapo ndipo kijiwe kilipofanya kazi yake.

— Amejibu, Balozi akaanza. Kikombe cha moto ni wewe na hiyo kahawa. Kikombe cha baridi ni Swideni. Katikati ni yeye. Kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake anataka wake wawili.

— Acha hizo, Mzee. Jibu liko kwenye pii, akasema Mawimbi. Mimi nilifundishwa mambo ya simu za upepo jeshini. Kuna pii fupi na pii ndefu. Ndefu ni ndiyo, fupi ni hapana.

— Ndefu zilikuwa nyingi? Melania akauliza haraka.

— Nyingi.

— Na fupi?

— Nazo nyingi.

— Sasa mwanamke ashike lipi? nikamuuliza.

— Ndiyo maana nasema tusikilize tena.

Tukasikiliza tena. Mnajua nini? Mara ya pili niliusikia mguu wangu unagonga chini. Injini ile iliyokatwakatwa ilikuwa imeanza kunikolea. Nikaubana mguu, kwa sababu sikutaka kuwa mtu wa kwanza Rusimbi kucheza friji.

— Mimi nawaambia tofauti, akasema Redio Mbao, na akasogea mbele, dalili mbaya. Huyo siye Noel. Wazungu wana mtambo siku hizi, unaupa sauti ya mtu, unasema wenyewe. Noel mwenyewe yuko Kalemie anauza chumvi. Mshikaji wangu kamwona.

— Kamwona wapi?

— Kwa nyuma.

— Wewe nawe! Balozi akarudisha kofia kichwani, kwani alikuwa amefikia jambo. Uliposema friji ulikuwa karibu, ila hukumaliza. Swideni baridi yake haina mfano. Binadamu wa Uvira hawezi. Kwa hiyo wanafanyaje? Wanawaweka watu wetu kwenye friji polepole, wazoee. Mngurumo mliousikia ni friji kweli, lakini Noel hakukaa nayo jikoni. Yumo ndani.

— Na gitaa?

— Analo humo humo. Ndiyo maana linalia vile, hakuna nafasi.

Melania akacheka, halafu macho yakamjaa machozi akiwa bado anacheka. Nilijisikia vibaya. Sisi kwetu ilikuwa Jumamosi tu, kwake jioni ilikuwa inakuja na shangazi yake ndani.

Bwana Samaki ndiye aliyesimama. Huwa hasimami akizungumza.

— Mimi naomba jambo. Tumuulize rasmi. Kaseti ina upande wa pili, ndio wa kujibia, tumrekodie swali waziwazi. Nitamwomba shangazi asubiri mpaka irudi. Mimi siogopi jibu, Melania. Naogopa kukaa bila jibu.

Melania alimtazama kwa muda. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimtazama mtu wa posa kama mtu.

— Rekodini, akasema. Mimi namfuata shangazi kituoni. Lakini msiseme upuuzi.

— Sisi? akasema Redio Mbao.

Alipokata kona, Mawimbi akageuza kaseti. Akabonyeza kitufe chekundu, kikagoma.

— Kimeo. Vimeno viwili hivi vya juu vimevunjika.

— Safari ndefu, akasema Balozi. Ajali haina kinga.

— Si neno. Dawa yake ndogo.

Akachukua karatasi ya sigara, akaikunja, akaziba vitundu viwili. Kitufe kikashuka. Tukasogeza vichwa kwenye redio, na Balozi, kwa umri wake, akatangulia. Akasalimia. Akasalimia kwa niaba ya Rusimbi, kwa niaba ya Ujiji, akamsalimia mfalme wa Swideni kama yupo. Akataja waliofariki. Akataja mvua. Akamweleza Noel kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, kwa hiyo avae vizuri. Redio Mbao akatoa saizi ya kiatu chake. Mawimbi akaomba maelezo ya kile kinanda. Mimi niliambiwa niseme kitu nikasema kaseti ni nzuri, wakanitazama wote, nikaongeza kwamba namaanisha plastiki yake.

Mwisho Bwana Samaki akainama.

— Ndugu Noel. Mimi ni Nathaniel, ofisi ya uvuvi. Nimemposa Melania, na ninamheshimu. Wewe umemtumia milio. Tafadhali sema jambo moja tu linaloeleweka, kwa Kiswahili, bila mtambo. Ni hayo.

Yalikuwa maneno mazuri. Tungeishia hapo, lakini Balozi alikuwa amekumbuka mkasa wa mwaka sitini na saba, akauanza. Mawimbi akazima redio kuokoa betri. Mkanda ulikuwa umebaki kidogo.

Melania akarudi na shangazi yake. Skolastika ni mama mfupi, ana gunia la kahawa kichwani na fimbo mkononi, na hajawahi kuonekana akiharakishwa na mtu.

— Shikamoo, Mama, tukasema wote isipokuwa Balozi.

— Marahaba, wanangu. Mzee Martini, hujambo?

— Sijambo, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa mara ya kwanza methali yake ilikaa mahali pake, na hatukujua kwamba angepaswa kuiogopa. Shangazi akatua gunia, akakaa nusu yangu ya benchi, akapewa kahawa. Akainywa yote kabla ya kusema.

— Melania ameniambia njiani. Kijana ameleta kaseti. Upande wa kwanza ni ngurumo na majina ya watu.

— Ego, Melania akaitikia, ndiyo ya kwao.

— Na upande wa pili alisemaje?

Nimekaa kijiwe hiki miaka mingi. Nimeona watu wakibishana kina cha ziwa, umri wa mwezi, na kama mamba ana ulimi. Sijawahi kuona swali likianguka chini na wote tukalitazama tu.

— Upande wa pili, akasema Mawimbi, ni wa anayejibu.

— Nani kasema?

— Ndivyo zilivyo barua za kaseti, Mama.

— Hii ni barua?

Bwana Samaki akaokota jalada. Akasoma kwa sauti, neno moja moja: *Ziwa. Lina. Pande. Mbili.* Akakaa chini. Mawimbi alikuwa anaitazama ile karatasi ya sigara, na nikaona jambo linamfikia usoni: kwamba vimeno vile havivunjwi na safari. Huvunjwa na mtu asiyetaka kaseti yake irekodiwe juu.

— Santuri, akasema. Mama yangu! Ametoa santuri ya nyimbo, pande zote mbili zake. Na sisi tumemwekea mfalme wa Swideni juu yake.

— Dismasi, akasema Melania. Hakumwita Mawimbi. Chezesha.

Tukachezesha. Tukaisikia sauti ya Balozi, ndefu, isiyokuwa na huruma. Hakuna adhabu kubwa kama kukaa na mwanamke uliyemkosea mkiusikiliza ujinga wako kwa ukamilifu. Kiatu kikapita. Kinanda kikapita. Plastiki ikapita. Bwana Samaki akasikika akiomba, bila mtambo, na Bwana Samaki aliyekaa benchi akafunika macho. Mwaka sitini na saba ukaanza, ukakatika, tak.

Na hapo, kwenye kipande kilichobaki, akatokea Noel. Hakukuwa na mngurumo wala pii. Ilikuwa sauti yake tupu, karibu sana, kama amekaa mwisho wa benchi:

*...na nimeliweka huku mwisho makusudi, Melania, ili Balozi awe amekwisha chukua kofia yake, na Redio Mbao awe amekwisha kimbia kutangaza. Sitalirudia. Nimelisema mara moja, kwa Kiswahili, bila mtambo. Hilo ndilo jibu langu.*

Kling-kling-kling. Kimya. Kling.

Tak.

— Jibu lipi? akauliza Shangazi.

Balozi akaangalia kofia yake. Redio Mbao, ambaye alikuwa kweli amenyanyuka kwenda kutangaza, akakaa.

— Anatujua, akasema Bwana Samaki, na akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekubali. Kutoka Swideni, anatujua hivyo.

Nilimtazama Melania nikitegemea birika lirushwe. Hata mimi ningelirusha. Yeye akachomoa kaseti redioni, akazitoa karatasi za sigara kwa ukucha, moja, ya pili, akamwekea Mawimbi kiganjani. Kisha akamgeukia Bwana Samaki.

— Nathaniel, umesema kweli leo mbele ya watu. Nami nitakuambia kweli. Posa yako siikubali.

— Nimesikia, akasema Bwana Samaki. Ilimuuma, ilionekana. Lakini alichukua kashata, ya kwanza tangu mwezi wa pili, akaanza kuitafuna polepole.

— Melania, mwanangu, akasema Shangazi. Unakataa mtu aliye hapa kwa jibu ambalo hukulisikia? Na kama alikuambia hapana?

Melania akasogea kwenye benchi. Akachukua vikombe viwili vilivyokuwa mbele ya Balozi, akamwaga machicha, akavigonga. Haraka haraka, akanyamaza, kisha mara moja tu.

Tukamtazama. Tukaitazama redio. Mlio huo tumeusikia kila alasiri ya Mungu kwa miaka, na leo tumeuita simu, minyororo, barafu, kengele ya kanisa.

— Sasa niambieni, ninyi wenye majibu, akasema. Mtu wa kuniambia hapana, anabeba mlio wa vikombe vyangu mpaka Swideni kufanya nini?

Balozi akavua kofia yake tena. Akaiweka gotini. Mawimbi aliinua birika kumwongezea Shangazi, nalo lilikuwa tupu.